Rangi Zilizofifia: Uchoraji wa Mandhari ya Mara na Msamiati Wake

Mchoraji aitazamaye nchi ya Mara, kutoka miamba ya Musoma kandokando ya Ziwa Viktoria hadi vilima vya Butiama na tambarare za Bunda, huona kwamba kadiri kitu kilivyo mbali ndivyo rangi yake ipunguavyo nguvu. Sababu ni hewa. Hewa yenyewe, pamoja na chembe za maji na vumbi zilizomo, hutawanya nuru, hata kilima cha kijani kikaonekana cha samawati.

Kwa hiyo mwamba wa karibu hupakwa rangi iliyokolea, na wa mbali iliyofifia. Ili kupunguza ukali wa nyekundu, hutiwa kijani kidogo. Nyeusi huitia giza. Mvuvi au mchungaji huchorwa kwa kupitisha brashi mara chache tu, pasipo sura wala vidole, asije akauondoa ukungu wa picha.

Hapa ndipo penye suala la lugha. Vivumishi vya rangi vipatanavyo na ngeli ni vitatu: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine nyingi huazima jina la kitu: kijivu kwa jivu, kijani kwa jani, kahawia kwa kahawa. Lakini kiasi cha rangi huelezwa kwa vitenzi. Kufifia ni kupungua kidogo kidogo. Kupauka ni kukosa mng'ao, kama ngozi isiyopakwa mafuta. Kuchujuka ni kwa nguo iliyofuliwa mno. Mwalimu wa uchoraji asemaye "hafifu" kwa yote hayo huwanyima wanafunzi tofauti ambazo Kiswahili kinazo tayari.