Mtambo wa Makaa ya Mawe Huulizwa Kabla Haujajengwa

Katika wilaya ya Ileje, mkoa wa Songwe, kuna jiwe jeusi linalowaka moto. Ni makaa ya mawe. Mgodi wa Kiwira ulianza kazi mwaka 1988, ukiwa umejengwa kwa msaada wa China. Pamoja na mgodi ulijengwa mtambo mdogo wa kufua umeme wa megawati 6. Mwaka 2017 Shirika la Madini la Taifa, yaani STAMICO, lilianza kuchimba makaa ya Kabulo, na makaa hayo huuzwa viwandani.

Kwa miaka mingi pia umetajwa mpango wa kujenga Kiwira mtambo mkubwa wa umeme wa megawati 200. Umeme tunauhitaji. Mashine ya kusaga inauhitaji, zahanati inauhitaji, na mtoto anayesoma usiku anauhitaji. Lakini mtambo wa namna hiyo hutoa kitu ambacho macho hayakioni, na serikali nyingi duniani zimeanza kukitungia sheria. Ni vizuri mwananchi wa Songwe akijue kitu hicho kabla hajaitwa kwenye mkutano.

MOSHI TUSIOUONA

Makaa yakiungua hutoa moshi mweusi, majivu, na gesi ya salfa inayowasha koo. Hayo tunayaona na kuyanusa. Lakini hutoa pia hewa ukaa. Hewa hii haina rangi wala harufu. Hata sisi tukipumua tunaitoa puani. Basi ubaya wake uko wapi?

Ubaya wake ni kuzuia joto. Mkulima wa Mbozi anajua jambo hili bila kufundishwa. Usiku wa mwezi wa Juni, mbingu ikiwa nyeupe bila wingu, baridi huwa kali. Mawingu yakitanda, baridi hupungua. Kwa nini? Ardhi huota jua mchana, na usiku hulirudisha joto juu. Mawingu hulizuia lisiende lote, kama blanketi. Hewa ukaa nayo hufanya hivyo, ila haipiti asubuhi kama wingu. Sehemu kubwa hukaa angani miaka mingi sana, na ya leo hujumlishwa na ya jana. Ndiyo maana hewa hii na nyingine za aina yake huitwa gesi joto. Blanketi linazidi kuwa zito, dunia inazidi kupata joto, na mvua zinabadili majira.

Sasa jambo moja la kushangaza. Kilo moja ya makaa ya mawe ikiungua hutoa hewa ukaa ya kilo mbili hivi. Itakuwaje moshi uwe mzito kuliko makaa yenyewe? Fikiri habari ya ugali. Unga kilo moja hutoa ugali wa zaidi ya kilo moja, maana maji yameingia. Makaa nayo yakiungua huungana na oksijeni iliyomo hewani, na uzito wa oksijeni huongezeka humo.

TUHESABU KWA UNITI

Wenye LUKU nyumbani wanajua uniti. Uniti moja ya umeme wa makaa ya mawe hutoa hewa ukaa ya kilo moja hivi. Umeme wa gesi asilia, kama ule wa Kinyerezi, Dar es Salaam, hutoa karibu nusu ya hiyo. Umeme wa maji, wa jua na wa upepo hautoi moshi wakati wa kuufua.

Mtambo wa megawati 200 ukifanya kazi kwa nguvu zote mchana na usiku, hufua uniti 4,800,000 kwa siku. Basi hewa ukaa yake ni tani 4,800 hivi kwa siku. Hebu tuziweke kwenye malori tunayoyaona Tunduma yakingoja kuvuka mpaka. Tukisema kila lori linabeba tani 30, hayo ni malori 160. Kesho malori mengine 160, na keshokutwa vivyo hivyo. Foleni hiyo haionekani, wala haina pa kushusha mzigo isipokuwa angani.

Mtambo wa makaa ukishajengwa hudumu miaka 30, 40, au zaidi. Mkopo uliojenga mtambo unataka kulipwa, wafanyakazi wanataka mshahara, na mji umezoea taa. Nani ataufunga? Kwa hiyo kikomo cha moshi kinafaa kuwekwa mtambo ukiwa bado ni michoro kwenye karatasi. Mwaka 2015 serikali ya Marekani iliweka kanuni kwamba mtambo mpya wa makaa usizidishe hewa ukaa ya kilo 635 hivi kwa kila uniti 1,000. Makaa ya kawaida hayawezi kufika hapo bila mashine za kunasa hewa hiyo, nazo ni ghali sana. Kanuni za nchi hiyo zimevutwa huku na huku kila serikali inapobadilika, na mwaka 2025 ulitolewa pendekezo la kuzifuta.

KILICHOTOKEA LAMU

Kwa majirani zetu wa Kenya, kampuni moja ilitaka kujenga mtambo wa makaa wa megawati 1,050 katika Lamu, pwani kabisa. Kwa hesabu yetu ya malori, huo ungetoa malori 840 kwa siku. Mwaka 2016 mamlaka ya mazingira ya Kenya ikatoa kibali. Wakazi wa Lamu, wakiwa na chama chao cha Save Lamu, walihofia samaki, mikoko na afya zao. Wakakata rufaa kwenye baraza la hukumu za mazingira.

Tarehe 26 Juni 2019 baraza hilo lilifuta kibali. Lilisema kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa baada ya uchunguzi wa kitaalamu kufanyika. Lilisema pia kwamba sheria ya Kenya ya mwaka 2016 kuhusu mabadiliko ya tabianchi haikuzingatiwa. Kampuni haikukatazwa kabisa. Iliambiwa kwamba ikitaka kuendelea, ifanye uchunguzi upya. Ikapeleka rufaa mahakamani, na Oktoba 2025 mahakama ya Malindi ikaukubali uamuzi wa lile baraza.

Wavuvi wa Lamu hawakuvunja kitu wala kumpiga mtu. Waliuliza swali mapema, wakati hakuna hata tofali moja lililowekwa.

MBONA SISI TUNATOA KIDOGO?

Hili ni swali la haki. Uingereza ilianza kufua umeme kwa makaa mwaka 1882, ikafunga mtambo wake wa mwisho tarehe 30 Septemba 2024. Ni miaka 142 ya moshi. Tanzania haijatoa hata chembe ya moshi huo. Kwa maoni yangu aliyejaza nyumba moshi ndiye afungue dirisha kwanza, na asitufundishe kwa sauti kubwa.

Lakini ukame hauulizi nani alianza. Wakazi wa Tunduma wanakumbuka mwaka 2024. Upande wa pili wa mpaka, Zambia ilipata ukame mkubwa. Maji ya bwawa la Kariba yakapungua, na umeme ukawa unakatika kwa saa nyingi mno kila siku. Sisi nasi tunategemea sana maji, hasa tangu bwawa la Julius Nyerere lianze kutoa umeme mwaka 2024. Zambia ikaamua kuongeza mtambo mwingine wa makaa wa megawati 300 huko Maamba. Huwezi kuwalaumu, maana giza ni giza. Ila makaa huongeza joto, na joto huzidisha ukame. Njia nyingine zipo, kama jua letu, na jotoardhi linalotafutwa Ngozi katika mkoa wa Mbeya.

SHERIA YETU INASEMAJE?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi mkubwa kama huu ufanyiwe kwanza Tathmini ya Athari kwa Mazingira. Wataalamu huja, hupima, na hutakiwa kuwasikiliza wananchi wa mahali pale. Kisha huandika ripoti, nayo hukaguliwa na chombo cha serikali ambacho wengi tumekizoea kwa jina la NEMC. Bila cheti, ujenzi hauruhusiwi.

Ripoti huwa nene, tena kwa Kiingereza cha kitaalamu. Lakini kanuni za mwaka 2005 zinataka iwe na muhtasari kwa lugha nyepesi, kwa Kiswahili pia. Huo ndio wa kuuomba. Ukikosekana kijijini, mwenyekiti au mtendaji aulizie wilayani.

Wataalamu wakija, waulizwe: Mtambo utatoa tani ngapi za hewa ukaa kwa mwaka? Majivu yatatupwa wapi, na maji yatatoka mto gani? Ni njia gani nyingine ya umeme iliyopimwa, na kwa nini iliachwa? Nyaya zitafika vijiji hivi au zitapita juu tu? Katibu aandike maswali pamoja na majibu.

Mwisho wa mkutano karatasi ya mahudhurio hupitishwa, nayo mara nyingi hubandikwa nyuma ya ripoti. Soma maneno yaliyo juu ya karatasi kabla ya kutia saini. Kama yanasema "waliohudhuria", tia saini. Kama yanasema "waliokubali", na wewe bado hujakubali, mrudishie kalamu yake.