Jiwe lilimugonga, akasema: "Niko muzuri"

Ndugu wachimbaji, mwenzetu mumoja hapa Kambove jiwe lilimugonga kichwa. Akasimama, akasema: "Niko muzuri," akamaliza posti yake, akaenda kulala. Asubuhi bibi yake anamuamsha, hasikii. Tukamupeleka Lubumbashi, karibu kilometa 150. Radio ya hopitali inaonyesha mifupa tu. Skanere ndiyo ilionyesha damu yenye kufinya bongo. Munganga alimufungua kichwa, akapona. Lakini kupona si siku moja: alisahau majina, alikasirika ovyo, majirani wakasema ni pombe. Hapana, ni kile kidonda. Mutu akigongwa kisha anatapika ao anasinzia, mumupeleke siku ile ile, na shefu aandike aksida kwa CNSS. Ya mwenzetu haikuandikwa. Bibi yake angali anazunguka na makaratasi.