Baiskeli Kuukuu ya Chuma katika Vilima vya Sotik: Thamani Yake Ipimweje?

Chai na baiskeli hupishana njiani. Chai inayochumwa katika vilima vya Sotik, Litein na Kericho huteremshwa hadi Mombasa, ikanadiwa mnadani na kupakiwa melini kwenda ng'ambo. Kutoka bandari iyo hiyo malori hupanda bara na shehena za mitumba, na miongoni mwa bidhaa hizo mna baiskeli kuukuu zilizokwisha kutumika Ulaya. Nyingi ni zile ziitwazo baiskeli za milimani: matairi mapana yenye meno, usukani ulionyooka, gia nyingi, na fremu ya chuma cha pua iliyoundwa katika miaka ya 1980 na 1990. Zikifika huegemezwa ukutani kando ya barabara, zikapanguswa kwa mafuta hadi zing'are, zikamngoja mnunuzi.

Wasomaji wetu wenye jamaa waliohamia bara kwa kazi au kwa ndoa wanaujua uzito wa ununuzi huo. Katika nchi ya chai, sehemu kubwa ya fedha za mkulima mdogo huja kwa mkupuo, pale bonasi ya mwaka inapolipwa, kwa kawaida mwezi wa Oktoba. Siku hizo ndizo siku za karo, za mabati, za ng'ombe wa maziwa, na za baiskeli. Baiskeli moja humbeba mtoto hadi shuleni, hupeleka mtungi wa maziwa asubuhi, na hurudi na unga jioni. Ikiwa njema, safari ya mguu ya saa nzima huwa ya dakika 20. Ikiwa mbovu, humaliza akiba ya nyumba kwa fundi. Na ikivunjika katika mteremko wa kuelekea Mto Kipsonoi, hasara yake haihesabiki kwa shilingi.

Kwa hiyo swali la thamani ya chombo hiki ni la familia nzima. Jibu letu ni fupi: thamani yake ni fremu na uma wa mbele vilivyo sawa, ukiondoa gharama ya kuifanya iwe salama mteremkoni. Rangi, jina na maneno ya muuzaji huja baadaye.

Ilikotoka, na kwa nini inadumu

Baiskeli za aina hii zilianzia California, Marekani. Katika miaka ya 1970 vijana wa Marin walikuwa wakiteremka milima kwa baiskeli nzito za zamani, hata grisi ya breki ikaungua kwa joto. Mwaka 1977 Joe Breeze aliunda fremu iliyokusudiwa kazi hiyo tangu mwanzo, na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, miongoni mwa za kwanza kutengenezwa kwa wingi. Mwaka 1996 mchezo huo uliingia katika Olimpiki za Atlanta. Wakati huo, hata hivyo, alumini na uma wenye springi vilikuwa vimekwisha kuteka soko. Zile za chuma ziliwekwa stoo, na kutoka stoo zikaingia katika makontena.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Fremu nzuri za zama zile ziliundwa kwa chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdeni. Mchanganyiko huo una nguvu kuliko chuma cha kawaida, hivyo mabomba yake huweza kuwa membamba na mepesi bila kuvunjika upesi. Tena chuma kina insafu: aghalabu hupinda kabla ya kukatika, na kikipata ufa, fundi stadi aweza kukilehemu. Alumini haina subira hiyo.

Jina la ng'ambo na kazi ya Sotik

Wako watu Ulaya na Marekani wanaokusanya baiskeli hizi kama wengine wakusanyavyo saa au stempu. Wao hulipa fedha nyingi kwa jina la muundaji, kwa rangi ya asili, na kwa vifaa vyote kuwa vya mwaka mmoja. Muuzaji aliyesikia habari hizo huweza kutaja bei kubwa kwa sababu ya jina tu. Bei ya makumbusho isilipwe na anayetaka chombo cha kazi.

Walakini maandishi ya fremu yasipuuzwe, kwani hueleza jambo. Palipoandikwa 4130, Cro-Mo, Tange au Reynolds, pana dai la chuma bora. Kwa kuwa karatasi hubandikwa na yeyote, dai hilo lipimwe. Kwanza, chukua sumaku: ikinata, fremu ni ya chuma; isiponata, yamkini ni alumini. Pili, toa nguzo ya kiti usome namba iliyochapwa, ambayo ni kipenyo chake kwa milimita. Namba kama 26.8 au 27.2 ni dalili ya bomba jembamba la chuma bora, 25.4 aghalabu ni bomba nene la chuma cha kawaida. Fremu ya chuma cha kawaida si haramu kununuliwa. Isiuzwe tu kwa bei ya ile nyingine.

Umri nao una njia ya kujulikana. Vifaa vingi vya Shimano vya wakati ule vimechapwa herufi mbili, mara nyingi upande wa ndani. Ya kwanza ni mwaka, kuanzia A kwa 1976. Ya pili ni mwezi, kuanzia A kwa Januari. Kwa hiyo MC ni Machi 1988. Mzunguko wa herufi ulirudi A mwaka 2002. Herufi hizo huonyesha umri wa kifaa, na kifaa huweza kubadilishwa. Lakini vifaa vinne vikikubaliana, fremu nayo inaelekea kuwa ya zama hizo.

Jinsi ya kuikagua

Anza na fremu, na ukague mchana kweupe. Pitisha kidole chini ya bomba la mbele, nyuma kidogo ya shingo ya usukani. Ukihisi kikunjo au ukiona rangi imepasuka kwa mstari wa mviringo, baiskeli hiyo iligonga kitu kwa nguvu. Tazama kila kiungo: ufa huanza kama unywele, na kutu huutokeza mstari wa hudhurungi. Simama ubavuni mwa baiskeli uangalie kama uma wa mbele umesukumwa nyuma. Uma uliopinda na kunyoshwa tena usiaminiwe, kwani ndio unaobeba uso na meno ya mpandaji.

Kisha fanya kipimo cha uzi. Funga uzi kwenye mwisho wa nyuma wa fremu, pale gurudumu linapokaa, uuzungushe mbele ya shingo, uurudishe hadi upande wa pili. Uzi uwe umekazwa. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Nafasi zikilingana, fremu imenyooka. Zikitofautiana kwa milimita nyingi, imepotoka. Kipimo hiki hakina gharama, na hakuna rangi inayoweza kukidanganya.

Nguzo ya kiti ikikataa kutoka, hilo si dogo. Alumini ikikaa miaka ndani ya chuma bila grisi, hushikana nacho kama kitu kimoja. Kiti kisichopanda wala kushuka hakimfai mtoto anayekua, na kuing'oa nguzo hiyo huweza kuharibu fremu. Nguzo ikitoka, tazama ndani ya bomba kwa tochi. Kutu nyepesi ya juu ni ya kawaida kwa chombo kilichovuka bahari. Magamba ya kutu yanayomwagika, hasa karibu na mhimili wa pedali ambako maji hutuama, ni dalili kwamba chuma kimeliwa kutoka ndani.

Katika nchi yenye mvua nyingi kama Sotik, magurudumu na breki ndiyo roho ya mpandaji. Rimu za chuma zilizopakwa kromu hushika vibaya sana zikilowa. Rimu za alumini ni bora zaidi. Pitisha kidole ubavuni mwa rimu: ikiwa imebonyea kama sahani, raba za breki pamoja na matope zimeila, na siku moja itapasuka. Bana breki: mkono wake usifike kwenye usukani. Zungusha gurudumu uone kama linayumba, na bana spoki mbili mbili usikie kama ziko zilizolegea.

Tairi nalo lina namba yake. Palipoandikwa inchi 26 pana saizi zaidi ya moja, nazo haziingiliani. Baiskeli ya milimani ya zama zile hutumia saizi ambayo ubavuni mwa tairi huandikwa 559. Mwenye duka aonyeshwe namba hiyo, asiambiwe 26 tu.

Mwisho kuna mnyororo. Pingili 12 zinazohesabiwa kuanzia pini hadi pini, kila moja ikiwa na sehemu yake ya ndani na ya nje, zikiwa mpya hupima inchi 12 kamili. Zikizidi kwa thumuni ya inchi, mnyororo umekwisha, na meno ya gia huenda yamekwisha pamoja nao. Ukiweka mnyororo mpya juu ya meno yaliyolika, utaruka pale mpandaji anapokaza mguu mlimani.

Hesabu ya mwisho

Tuchukue mfano, bei zake zikiwa za kuonyesha njia tu. Muuzaji anataka shilingi 9,000. Ukaguzi unaonyesha fremu na uma ni sawa, lakini pahitajika matairi mawili na mipira yake kwa 2,400, mnyororo na gia za nyuma kwa 1,500, raba na waya za breki kwa 700, keria kwa 800, na ujira wa fundi 600. Jumla ni 6,000. Baiskeli hiyo si ya 9,000. Ni ya 15,000. Mama mwenye daftari ya matumizi aandike hesabu hiyo kabla ya kwenda, na bei azijaze palepale baada ya kumuuliza fundi asiye jamaa wa muuzaji.

Fremu au uma ukiwa na ufa au umepotoka, hakuna haja ya hesabu. Thamani yake ni ya vifaa vinavyoweza kufunguliwa, na kinachobaki ni chuma chakavu cha kupimwa kwa kilo.

Ilinganishwe pia na ile baiskeli nyeusi nzito ijulikanayo nchini kwa jina la Black Mamba. Hiyo ina gia moja, hubeba gunia bila kulalamika, na vipuri vyake hupatikana vijijini. Faida ya ile ya milimani ni kupanda: ikiwa na meno 28 mbele na 28 nyuma, pedali ikizunguka mara moja gurudumu nalo huzunguka mara moja, mwendo wa kama mita 2, na mtoto hupanda kilima bila kushuka. Tena fremu nyingi za chuma za zama zile zina matundu ya skrubu nyuma kwa ajili ya keria. Mkusanyaji wa ng'ambo hayajali sana matundu hayo. Katika nchi ya maziwa na chai ni sehemu ya thamani.

Kwa wasichana na akina mama

Baiskeli hizi aghalabu huja bila kinga ya mnyororo. Sketi ndefu au buibui likinaswa kati ya mnyororo na meno, mpandaji huanguka bila onyo. Gharama ya kinga hiyo iingizwe katika hesabu, isiachwe kuwa ya hiari. Kadhalika msichana asimame juu ya baiskeli, miguu yote miwili ikigusa ardhi kikamilifu, na pabaki nafasi kati yake na bomba la juu. Baiskeli kubwa inayonunuliwa kwa nia kwamba atakua nayo humtia hatarini mwaka huu kwa faida ya mwaka ujao.

Neno kwa muuzaji na mnunuzi

Biashara ya kitu kuukuu husimama juu ya kubainisha kasoro. Fiqhi ya mauzo inampa mnunuzi khiyari pale aibu ya bidhaa ilipofichwa, na muuzaji mwema hangoji kuulizwa. Basi mnunuzi aulize waziwazi: iligonga wapi, imelehemiwa wapi, imetoka kwa nani. Namba ya fremu, ambayo mara nyingi iko chini ya mhimili wa pedali, iandikwe kwenye risiti pamoja na jina na sahihi ya muuzaji. Namba iliyokwanguliwa ni sababu tosha ya kuondoka, kwani mali ya wizi haina bei ya halali hata ikitolewa bure.

Muuzaji anayekubali baiskeli ipinduliwe, ipimwe kwa uzi na iendeshwe mteremko mfupi, amekwisha kusema mengi kwa kimya chake. Anayeharakisha, akadai mnunuzi mwingine yuko njiani, mwacheni amuuzie huyo mwingine. Makontena yatapanda tena, na fedha ya bonasi iliyobaki mfukoni haijapotea.