Marto inapiga, flere haizunguke: kosa la fundi wa mara ya kwanza na dawa yake

Kuko sauti moja yenye watumikaji wa kariere na wa chini ya udongo wote wanaijua. Upepo unaingia, marto inapiga kwa nguvu, mikono inatetemeka, lakini chuma cha mbele kinabaki pahali pamoja. Kinapiga mu nafasi ile ile, kinajibana mu jiwe, na kisha dakika chache hakitoke tena. Marto inapiga, flere haizunguke. Mara mingi ile sauti inasikiwa asubui ya kwanza kisha mutu kufungua mashini na kuifunga yeye mwenyewe, bila mutu wa kumuonyesha.

Siye wa sendika tunaandika juu ya hii jambo kwa sababu siku hizi imefika ku meza yetu kama jambo la mushahara. Kijana mumoja, edi mu kariere ya majiwe, alipewa marto ya zamani ili aisafishe. Pale kazini hakuna atelie. Mukubwa wa kazi akamwambia aipeleke ku nyumba, aifungue, aioshe, airudishe siku ya kwanza. Kijana akafanya vile alivyoweza, mu parcelle ya wazazi wake, juu ya meza ya mama yake, na kle mbili za kuomba kwa jirani. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Siku ya kwanza marto ikapiga bila kuzunguka. Mangaribi yake akaletewa karatasi ya kutia sini: mushahara wake ukatwe miezi ine, kwa kuwa “ameua mashini”.

Mashini haikukufa. Tulikaa nayo saa mbili pamoja na mekanisie wa zamani mwenye alitumika miaka mingi chini ya udongo. Vitu vya kununua vilikuwa resori ine ndogo, zenye bei haikufika hata nusu ya bei ya mufuko wa bunga. Tunaeleza hapa namna tulivyofanya, ili kijana mwingine asilipe deni lenye si lake.

Namna gani marto inazungusha flere

Mutu hawezi kusahihisha kitu chenye haelewe. Marto ya kutoboa majiwe inafanya kazi mbili kwa nguvu moja ya upepo: inapiga, tena inazungusha. Inapiga zaidi ya mara 2.000 kila dakika, na kila mara flere inapaswa kusonga kidogo, ili meno yake yapige jiwe pahali papya. Pasipo ile kusonga, hakuna tundu.

Kazi ya kuzungusha inafanywa na chuma kimoja chenye kulala nyuma ya pistoni. Kiko na mifereji yenye kujipinda, sawa ile mifereji ya ndani ya mudomo wa bunduki. Njo maana vitabu vya mashini vya Kiingereza vinaita hiki chuma kwa jina la bunduki ya mifereji. Siye tutakiita bari. Ku kichwa cha bari kuko vipande vidogo, mara mingi vine, vyenye tunaita klike. Kila klike inasukumwa inje na resori yake. Klike zinaingia mu meno ya duara moja ya chuma, roshe, yenye haitembee hata kidogo.

Wakati pistoni inaenda mbele kupiga, bari inazunguka bila shida na klike zinaruka juu ya meno ya roshe: tik, tik, tik. Wakati pistoni inarudi nyuma, klike zinashika meno na bari inafungwa. Sasa pistoni haina njia ingine: inafuata ile mifereji na inazunguka yenyewe. Na kwa kuwa pistoni imeshikana na sehemu ya mbele yenye kubeba flere, flere nayo inazunguka. Kila mara kidogo tu, lakini mara 2.000 kwa dakika.

Kwa hiyo kama klike hazishike, pistoni itapiga sawa kawaida, na hakuna kitu kitazunguka. Sauti itakuwa ya mashini muzima, lakini kazi hapana.

Anza inje, usianze ndani

Kosa la kwanza la watu wengi ni kufungua haraka. Wengine wanaongeza upepo wa kompresa, wakizani ni nguvu inakosa. Upepo mwingi hautashikisha klike. Utaumiza mashini na mikono.

Mekanisie wetu alianza na vitu vitatu vya inje. Kwanza, aliangalia mukia wa flere. Ule mukia uko na pande sita, na flere nyingi za hapa ziko za milimita 22. Kama pande sita zimekuwa duara kwa kuzeeka, marto inaweza kuzungusha sehemu yake ya mbele na flere inabaki pale pale. Alitia flere mupya. Haikuzunguka.

Pili, aliangalia kama sehemu ya kubeba flere yenyewe inazunguka. Kama hii inazunguka na flere hapana, ugonjwa uko mbele. Kama hii pia imesimama, ugonjwa uko nyuma, ku bari na klike. Yetu ilikuwa imesimama.

Tatu, alipunguza kusukuma. Mutu mwenye kusukuma marto kwa nguvu sana juu ya jiwe anaweza kuzuia kuzunguka, zaidi kama meno ya flere yamekwisha. Alipunguza, na bado hapana. Pale tu njo aliomba kle.

Kufungua bila kupoteza

Funga upepo, toa upepo wenye kubaki mu tiyo, kisha njo unaondoa tiyo. Tiyo yenye kuponyoka na upepo ndani inaruka sawa nyoka na inaweza kuvunja uso wa mutu. Kisha osha inje ya marto mbele ya kuifungua, kwani muchanga wenye kuingia ndani ni limbi la pistoni.

Tandika kitambaa cheupe. Legeza zile buloni mbili ndefu za mbavuni kidogo kidogo, upande huu, kisha upande huu. Kila kitu chenye kutoka kiweke ku kitambaa kwa mustari, kwa namna kilivyotoka, na kiangalie upande kilikuwa kimeangalia. Mwenye simu apige foto ku kila hatua. Hii haiombe masomo makubwa, na ingeokoa miezi ine ya mushahara.

Tulipofika ku kichwa cha bari, tuliona mambo matatu kwa mara moja.

Jambo la kwanza: klike mbili kati ya ine ziliwekwa kinyume, mugongo mbele na makali nyuma. Klike ya vile haiwezi kushika jino, inateleza tu.

Jambo la pili: resori moja ilikuwa imepotea. Kijana alitia pahali pake resori ya biki. Tulicheka kidogo, naye pia, lakini tulimuheshimu kwa kutafuta dawa. Resori ya biki haina nguvu ya ile kazi. Tena ikivunjika ndani, vipande vyake vinatembea mu mashini.

Jambo la tatu: alipakaa gresi nzito pahali pote, akizani anasaidia. Gresi nzito inashika klike ndani ya nafasi zake, na resori haziwezi tena kuzisukuma inje. Hata klike zenye kuwekwa vizuri hazikuwa zikitoka.

“Yaya, ni mimi nilifunga kila kitu,” kijana akasema. Mekanisie akamujibu: “Na ni weye utafunga tena. Mimi nitashika taa.”

Kufunga tena

Aliosha vyote na petroli ya taa, akakausha na kitambaa chenye hakitoshe nyuzi. Aliangalia makali ya kila klike na meno ya roshe. Klike yenye makali ya duara inabadilishwa. Aliangalia pia mifereji ya bari na ile ya ndani ya pistoni: kama kingo zake zimekuwa nyembamba sawa kisu, zimekwisha. Zetu zilikuwa bado nzima.

Resori zilibadilishwa zote ine, si ile moja tu. Resori mupya pamoja na tatu zenye kuchoka hazisukume sawasawa. Kisha akapakaa mafuta mepesi ya marto, si gresi, tena si vidanje ya motokari. Mafuta ya marto yametengenezwa kwa kukamata chuma hata kama maji yanapita.

Hapa njo pale pa kutosahau. Mbele ya kufunga mashini, chukua bari na klike zake, uitie mu roshe, uizungushe na mukono. Upande mumoja unapaswa kusikia tik, tik, tik. Upande mwingine inapaswa kufunga kabisa, hata ukikaza. Kama inazunguka pande zote mbili, ao inafunga pande zote mbili, usifunge mashini. Rudi ku klike. Kijana alifanya mara mbili. Mara ya kwanza klike moja ilikuwa bado kinyume, na aliiona mwenyewe.

Kisha alirudisha vyote kwa mustari wa kitambaa. Zile buloni mbili za mbavuni alizikaza kwanza na mukono, kisha na kle, robo huku, robo huku. Ukikaza moja mpaka mwisho mbele ya ingine, mashini inajipinda, pistoni inakwaruza silinda, na utaanza ugonjwa mwingine. Wakati imefungwa, tikisa marto: unapaswa kusikia pistoni ikitembea mbele na nyuma bila kukwama.

Upepo hatukuutia mu parcelle, kwani watoto wa jirani walikuwa wamejaa. Tulingojea kariere. Pale, mafuta kidogo mu mudomo wa upepo, chupa ya mafuta ya mu njia ya tiyo imejazwa, flere imesimama ku jiwe, upepo nusu. Marto isipige bure pasipo flere kushindilia kitu, kwani inajivunja yenyewe. Kisha dakika chache za kazi, ilisimamishwa na buloni zikakazwa tena. Flere ilizunguka.

Usisahau maji

Katikati ya bari kunapita kituyo chembamba cha maji, sawa sindano. Fundi wa mara ya kwanza anaweza kukipinda, ao kusahau kaochu yake ndogo. Hapo maji yanaingia ndani ya marto na kuosha mafuta. Wengine, kwa kukwepa ile shida, wanafunga maji na kutoboa mukavu. Hatukubali hata siku moja.

Historia iko wazi. Mwisho wa miaka ya 1890, ku Denver, Marekani, John George Leyner alitengeneza marto yenye flere ya tundu katikati, na upepo wa kupuliza unga inje. Ile vumbi ilikuwa mingi sana hata wachimbaji wakaikataa. Njo akaweka maji pamoja na upepo. Marto kavu za wakati ule watumikaji waliziita mutengeneza wajane, kwa sababu vumbi ya jiwe inakaa mu mapafu na haitoke tena. Maji mu marto ni maisha ya mutu, na yalikuja kwa sababu watumikaji walikataa.

Tena neno moja. Marto ikikataa kuzunguka, wengine wanatafuta tundu la zamani ili waanzie pale. Pahali palipopigwa baruti, usitoboe mu tundu la zamani hata siku moja. Baruti yenye haikulipuka inaweza kuwa imebaki chini yake.

Na ile karatasi?

Hatujasema kijana hakukosa. Alikosa, na amesahihisha. Lakini tuulize: nani alimupa mashini bila kitabu, bila atelie, bila mekanisie wa kumufundisha, bila resori za kubadilisha? Mwenye kazi akituma mutu ku kazi yenye hajamufundisha, sehemu kubwa ya kosa ni yake.

Kwa kijana tulisema maneno haya, na tunayasema kwa wote. Usitie sini ku karatasi yenye haujasoma na kuelewa. Omba kopi, uipeleke kwa délégué syndical. Kama pale kazini hakuna, enda ku inspection du travail. Inchi yetu iko na Code du travail, sheria nambari 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002, yenye ilibadilishwa mu sehemu moja mu mwaka 2016. Mambo ya mushahara yanapimwa kwa ile sheria, si kwa kasirani ya mukubwa wa kazi siku ya kwanza asubui.

Karatasi ile haikutiwa sini. Mazungumuzo na mwenye kazi yanaendelea, na siye tumeomba mambo mawili tu: meza ya mekanika yenye paa pale kariere, na mekanisie wa zamani alipwe siku moja kila mwezi kwa kufundisha ma edi. Kwa bei ya marto moja yenye kuvunjika kabisa, ile siku moja inaweza kulipwa muda murefu.