Homa ya Mafua na Mbiu ya Mwili

Wahenga walisema: mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mwili wa binadamu nao una mbiu yake. Kirusi kiingiapo katika chembe moja ya pua au koo, chembe hiyo hutoa ishara ya kuzionya jirani zake zipate kujihami. Ishara hiyo huitwa interferoni. Waliyoigundua ni Alick Isaacs na Jean Lindenmann, mjini London, mwaka 1957, walipokuwa wakichunguza virusi vya homa ya mafua.

Lakini virusi hivyo hufanya kama mwizi amzibaye mlinzi kinywa kabla ya kuvunja mlango. Ndani ya chembe hutengenezwa protini yao iitwayo NS1, ambayo kazi yake kubwa ni kuizuia interferoni isitolewe. Mbiu hufifia, jirani hawana habari, na virusi huzaana kwa maelfu. Kisha mwili uzindukapo, huweza kupigana kwa ghadhabu hata ukajidhuru wenyewe.

Wala madhara hayaishi hapo. Virusi huziua chembe zenye vinyweleo vinavyofagia njia za pumzi, na askari wa mwili huwa dhaifu mbele ya bakteria. Hivyo nimonia hupata njia. Katika maradhi makubwa ya mwaka 1918 hadi 1919, yanayokadiriwa kuua watu milioni 50, uchunguzi wa mapafu yaliyohifadhiwa ulionyesha kwamba wengi walimalizwa na nimonia ya bakteria iliyofuata mafua.

Basi, wazazi na vijana, tusiseme, "Ni mafua tu." Mgonjwa aliyeanza kupata nafuu, kisha homa ikamrudia, au anayepumua kwa shida, apelekwe kwa daktari siku ile ile, huenda adui wa pili amekwisha ingia. Dawa za kuua bakteria haziui virusi, kwa hiyo zisitumiwe bila ya amri ya daktari. Na kwa kuwa virusi hivi hubadilika mwaka hata mwaka, chanjo nayo hutazamwa upya kila mwaka. Wazee, wajawazito na watoto wadogo ndio wenye kuihitaji zaidi, kwani chanjo huuonya mwili mapema, kabla adui hajapata nafasi ya kuizima mbiu.