Mashujaa wa Baiskeli: Kutoka Kikuyu Hadi Milima ya Ufaransa

Mtu yeyote aliyepata kusafiri alfajiri katika barabara ya Likoni na Lunga Lunga amewaona wachuuzi wa samaki wakitoka pande za Gazi na Msambweni kwa baiskeli, matenga yamefungwa nyuma kwa mipira, maji ya chumvi yakidondoka njia nzima. Siku hizi pikipiki zimewapunguza, lakini hawajakwisha. Baiskeli yao ni ile nyeusi, nzito, isiyo na gia, ambayo Wakenya waliipa jina la Black Mamba. Mchuuzi aendaye Kwale akifika Kombani huiacha barabara kuu na kuanza kuukwea mlima, kwa maana mji wa Kwale umekaa juu ya vilima vya Shimba, karibu mita 400 juu ya bahari. Hapo wengi hushuka wakasukuma. Yule asiyeshuka hujulikana, na vijana humtaja kwa jina.

Watu wa namna hiyo hawaandikwi sana magazetini. Lakini aliyewaona hatastaajabu kusikia kwamba bingwa mmoja mkubwa kabisa wa baiskeli duniani alifunzwa kazi yake hapa hapa Kenya, katika nyumba ya mabati.

Bingwa huyo ni Bwana Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, na mwalimu wake ni Bwana David Kinjah wa Kikuyu, mpanda baiskeli mwenye nywele ndefu za kusokota. Kinjah aliwakusanya vijana wa kijijini, akawafundisha kupanda na pia kutengeneza: kuziba pancha, kunyosha ringi, kubadili mnyororo. Kikundi chao kiliitwa Safari Simbaz. Froome alipelekwa na mama yake angali mtoto, akawa mzungu pekee kati ya wenzake, akila walichokula na kusema Kiswahili pamoja nao. Mwaka 2006 mwalimu na mwanafunzi waliiwakilisha Kenya pamoja katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Melbourne, Australia.

Mwaka huo huo Froome alitaka sana kushindana na vijana wa dunia nzima huko Salzburg, Austria. Hakungoja kuandikishwa. Alitumia anwani ya barua pepe ya chama cha baiskeli cha Kenya, akajiandikisha mwenyewe! Siku ilipofika, mara tu alipoondoka alimgonga mwamuzi, wakaanguka wote wawili. Ndivyo alivyoanza mtu ambaye baadaye alishinda mashindano ya kuizunguka Ufaransa mara nne, yaani 2013, 2015, 2016 na 2017. Mashindano yale ya 2013 yalikuwa ya mara ya 100, mwendo wa kilomita zipatazo 3,400.

Wako wanaonung'unika kwamba alituacha, kwa kuwa tangu mwaka 2008 alipanda kwa jina la Uingereza. Manung'uniko hayo yana haki yake. Lakini sisi twaona swali lililo kubwa zaidi ni hili: mbona vijana wetu wengi wanamjua mwanafunzi na hawamjui mwalimu? Kinjah hakupata jezi ya njano. Alibaki Kikuyu na watoto wa watu wengine, akiwapa baiskeli zilizoungwaungwa.

Katika yote aliyoyafanya Froome, twapenda zaidi habari ya tarehe 14 Julai 2016. Siku hiyo walikuwa wakiupanda mlima uitwao Mont Ventoux, ambao urefu wake wapita mita 1,900. Upepo ulikuwa mkali hata mwisho wa mashindano ukasogezwa chini. Watazamaji waliziba njia, pikipiki iliyokuwa mbele ikasimama ghafula, na wapandaji wakaivamia. Baiskeli ya Froome ilivunjika. Gari lenye baiskeli nyingine lilikuwa mbali nyuma ya umati. Basi akaanza kukimbia kwa miguu, akiupanda mlima na viatu vya baiskeli, ambavyo nyayo zake ni ngumu kama ubao! Baadaye waamuzi waliamua abaki na jezi ya njano, na siku kumi baadaye aliingia nayo Paris.

Habari nyingine yawahusu watu wa Msambweni kwa karibu sana. Mwaka 2010 Froome aligunduliwa kuwa na kichocho. Watoto wetu wanaooga katika mabwawa na vijito waujua ugonjwa huo, maana wadudu wake hutoka katika konokono wa maji baridi, wakapenya ngozi, na mwenye kuugua hukojoa damu. Humnyonya mtu nguvu polepole, hata akadhaniwa mvivu. Froome alitibiwa kwa dawa iitwayo prazikwanteli, dawa ile ile wanayopewa watoto wa shule huku kwetu, na mwaka uliofuata akaanza kujulikana.

Tusimsahau Suleiman Kangangi, Mkenya aliyewahi kupanda na timu ya Ujerumani, kisha akawa nahodha wa timu ya Amani iliyoundwa ili Waafrika wa Mashariki wapate nafasi ya kushindana. Alifariki tarehe 27 Agosti 2022 kwa kuanguka katika mashindano huko Vermont, Marekani, akiwa na umri wa miaka 33.

Mwaka huo huo Biniam Girmay wa Eritrea alishinda siku moja ya mashindano ya kuizunguka Italia. Alipokuwa akifungua chupa ya ushindi, kizibo kikaruka kikampiga jichoni, na kesho yake hakuweza kuondoka na wenzake. Mwaka 2024 alikwenda Ufaransa, akashinda siku tatu, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hata moja, akavaa jezi ya kijani mpaka mwisho.