Kovu lisilojua kukoma

JUZI mama mmoja aliingia katika kliniki yangu hapa Kitisuru akiwa amembeba bintiye wa miezi mitatu. Alitaka kujua kama ni salama kumtoboa mtoto masikio. Nilipomtazama nikaelewa wasiwasi wake: kwenye ndewe ya sikio lake palikuwa na uvimbe mgumu wa ukubwa wa punje ya hindi. Alitobolewa akiwa na miaka 14.

Uvimbe huo huitwa keloidi. Ni kovu linaloendelea kukua hata baada ya jeraha kupona. Huwapata watu wa rangi zote, lakini sisi wenye ngozi nyeusi hutupata zaidi, na mara nyingi hufuata ukoo. Si kansa, haiambukizi, wala hujarogwa.

Je, kwa nini kovu la mmoja hutulia na la mwingine huvimba? Tuanzie tumboni mwa mama.

Ngozi hujengwa kwa amri. Mwili hutoa vichochezi vya ukuaji, na kila chembe hai ina vipokezi vya kupokea amri hizo. Bila kipokezi, chembe haisikii. Mmarekani Stanley Cohen aligundua kichochezi kiitwacho EGF baada ya kuona panya wachanga waliodungwa maji ya tezi za mate wakifumbua macho mapema. Mwaka 1986 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Rita Levi-Montalcini wa Italia. Katika ngozi ya kijusi, vipokezi vya EGF hutapakaa katika tabaka nyingi. Kwa mtu mzima, vingi hubaki tabaka la chini, ambako chembe mpya huzaliwa.

Watafiti wamegundua pia kwamba jeraha la kijusi, kabla ya wiki ya 24 hivi, hupona bila kovu. Sababu moja ni kichochezi kingine, TGF-beta. Aina yake ya kwanza, inayohimiza kovu, ni chache kwa kijusi, na ya tatu ni nyingi. Kwenye keloidi mambo ni kinyume: aina ya kwanza huzidi, na chembe zina vipokezi vingi vya kuisikiliza. Amri ya kujenga haikomi.

Kampuni moja ya Uingereza ilijaribu kutengeneza dawa ya makovu kutokana na aina hiyo ya tatu, lakini majaribio ya mwisho yalishindwa mwaka 2011. Kwa hiyo, msomaji, usipoteze pesa kwa krimu za mitaani zinazoahidi kufuta kovu.

Ufanye nini basi? Kama ukoo wenu una keloidi, epuka kutoboa na kuchanja mwili bila sababu. Utafiti umeonyesha kwamba wanaotobolewa masikio baada ya miaka 11 hupata keloidi zaidi. Ukienda kufanyiwa upasuaji, mjulishe daktari mapema. Keloidi ikianza, njoo ingali ndogo: tunadunga sindano ya dawa ndani yake au kuibana. Kuikata peke yake mara nyingi huirudisha, tena kubwa zaidi.

Lakini usimnyime mtoto chanjo ya BCG mkononi kwa kuogopa kovu. Kifua kikuu ni hatari zaidi.

Yule mama aliamua kuyaacha masikio ya bintiye kama yalivyo. Nilimuunga mkono.